Mnyororo wa Pikipiki: Namna ya Kuusafisha na Kuupaka Mafuta Nyumbani

Katika kata ya Makuyuni, Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Korogwe na jirani yake Handeni, pikipiki ni chombo cha kazi. Zamani ilikuwa ni mali ya bwana shamba, bwana afya na watumishi wengine wachache. Tangu mwaka 2010, zilipotungwa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubebea abiria, vijana wengi wamepata riziki yao juu ya tandiko lake. Pikipiki hiyohiyo humpeleka mgonjwa zahanati, hubeba gunia la mahindi, na jioni humrudisha mwalimu nyumbani.

Mwenye pikipiki aghalabu hukumbuka kununua petroli na kubadilisha oili ya injini, maana bila ya hivyo chombo husimama. Mnyororo, ambao wengi huuita cheni, husahauliwa kwa sababu hauna desturi ya kulalamika mapema. Huchakaa kimya kimya, kisha siku moja hukatika au huchomoka katika meno yake. Ukijizonga katika gurudumu la nyuma, gurudumu hilo huweza kukwama ghafula katikati ya mwendo, na dereva na abiria wake wakatupwa barabarani. Makala haya yanaeleza mnyororo ulivyoundwa, kinachouchakaza, na jinsi mtu awezavyo kuutunza nyumbani kwa vifaa vya kawaida.

MNYORORO ULIVYOUNDWA

Mnyororo wa pikipiki ni wa aina iitwayo mnyororo wa rola. Aina hii iliundwa mwaka 1880 na Hans Renold, fundi mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa na karakana yake katika mji wa Manchester, Uingereza. Umbo lake la msingi halijabadilika sana tangu wakati huo.

Ukiutazama kwa haraka, mnyororo huonekana kuwa ni vipande vya chuma vilivyoungwa tu. Ukiutazama kwa makini utaona kwamba una sehemu tano. Ya kwanza ni sahani za nje, na ya pili ni sahani za ndani. Ya tatu ni pini, inayoshika sahani za nje pande zote mbili. Ya nne ni bushi, yaani mrija mfupi wa chuma unaoshika sahani za ndani, na ambao pini hupita ndani yake. Ya tano ni rola, yaani gamba la chuma linalozunguka juu ya bushi na kukaa katika mabonde ya meno ya sproketi.

Umbali kutoka kitovu cha pini moja hadi kitovu cha pini inayofuata huitwa hatua ya mnyororo. Pikipiki nyingi ndogo za kubebea abiria hutumia mnyororo wenye namba 428. Tarakimu ya kwanza, yaani 4, maana yake ni kwamba hatua ya mnyororo ni sehemu nne za nane za inchi, ambayo ni nusu inchi, au milimeta 12.7. Mnyororo wenye hatua 120 basi una urefu wa milimeta 1,524, yaani mita moja na nusu na ushei.

Kila kiungo hupinda kinapoingia katika sproketi na hunyooka kinapotoka. Kwa kuwa sproketi ni mbili, ile ndogo ya mbele na ile kubwa ya nyuma, kila kiungo hupinda au kunyooka mara nne katika mzunguko mmoja wa mnyororo. Na tufanye hesabu. Chukua pikipiki ambayo gurudumu lake la nyuma lina mzingo wa mita 1.85, na sproketi ya nyuma ina meno 42. Katika safari ya kilometa 50 gurudumu litazunguka mara 27,000 hivi, na mnyororo wenye hatua 120 utakamilisha mizunguko karibu 9,460. Kwa hiyo, katika safari hiyo moja, kila pini itakuwa imejisugua ndani ya bushi yake karibu mara 37,800. Msuguano huo hutokea wakati mnyororo umebeba mvuto mkubwa, ambao pikipiki ikipanda mlima katika gia ya kwanza huweza kuwa sawa na uzito wa kilo mia kadhaa. Nguvu yote hiyo hukaa juu ya eneo dogo kuliko ukucha wa kidole.

JE, MNYORORO HUREFUKA?

Husemwa mara kwa mara kuwa mnyororo umerefuka, kana kwamba umevutika mfano wa mpira. Sivyo ilivyo. Sahani za chuma hazivutiki kwa kazi ya kawaida ya pikipiki. Kinachotokea ni kwamba pini na bushi hulika. Kila kiungo kikipata nafasi ndogo ya ziada, nafasi hizo hujumlika na mnyororo mzima huonekana mrefu zaidi.

Tuseme kila kiungo kimelika kwa robo ya milimeta tu, kiasi kilicho pungufu ya unene wa ukucha. Robo hiyo mara viungo 120 ni milimeta 30. Mnyororo umeongezeka kwa hatua zaidi ya mbili! Sasa hatua zake hazilingani tena na meno ya sproketi. Rola hupanda juu ya jino badala ya kukaa bondeni, na jino nalo hulika upande mmoja hata likapinda mfano wa ndoana. Mnyororo mbovu huharibu sproketi, na sproketi mbovu huharibu hata mnyororo mpya. Ndiyo maana mafundi wazuri hushauri vyote vitatu, yaani mnyororo na sproketi zake mbili, vibadilishwe pamoja.

ADUI WAWILI: VUMBI NA MAJI

Wakati wa kiangazi, njia za udongo zinazotoka barabara kuu kwenda vijijini hujaa vumbi jekundu. Rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma iliyomo katika udongo, lakini linalodhuru zaidi ni punje za mchanga. Mchanga mwingi ni madini yaitwayo kwatsi, na kwatsi ni ngumu kuliko chuma cha pua cha kawaida. Punje hizo zikichanganyika na mafuta mazito yaliyo nje ya mnyororo, hufanyika uji unaosaga chuma, mfano wa ule mchanganyiko ambao mafundi hutumia kwa makusudi kusugulia vali za injini.

Hapa pana somo ambalo wengi hulikosa. Mafuta mengi si ulinzi zaidi. Mafuta yanayoonekana nje ya mnyororo hayafanyi kazi kubwa isipokuwa kuzuia kutu, na yakizidi huvuta vumbi. Mafuta yanayohitajika hasa ni yale yasiyoonekana, yaliyo ndani kati ya pini na bushi.

Wakati wa masika na vuli adui hubadilika. Maji ya madimbwi huosha mafuta na kuingia katika viungo. Chuma kikavu chenye unyevu na hewa hushika kutu, na kutu yenyewe ni unga mgumu unaosaga. Kiungo kilichoshika kutu hukataa kupinda, na mnyororo huruka kila kiungo hicho kinapopita katika sproketi ndogo. Basi pikipiki iliyooshwa mtoni au iliyonyeshewa ipakwe mafuta siku hiyohiyo baada ya kukauka. Kuipulizia maji ya nguvu moja kwa moja kwenye mnyororo hakufai, kwa kuwa husukuma uchafu ndani.

KAZI YA MAFUTA

Chuma kikavu kikisuguana na chuma, kizio cha msuguano huwa 0.6 hivi au zaidi. Utando mwembamba wa mafuta ukiwa katikati, kizio hicho hushuka hadi karibu 0.1. Mnyororo safi uliopakwa mafuta vyema hupitisha asilimia 95 hadi 98 ya nguvu ya injini kwenye gurudumu. Ukiwa mkavu na mchafu, sehemu kubwa zaidi ya nguvu hiyo hugeuka joto na kelele, na petroli ndiyo inayolipa gharama.

Mafuta yaingieje katika nafasi nyembamba iliyo kati ya pini na bushi? Jibu lake limo katika koroboi. Mafuta ya taa hupanda katika utambi pasipo kusukumwa, kwa kuwa vimiminika huvutwa na nafasi nyembamba. Vivyo hivyo oili iliyodondoshwa kwenye ukingo wa sahani huvutwa ndani ya kiungo. Lakini haina budi iwe nyepesi ya kutosha. Grisi nzito iliyopakwa nje hubaki nje. Oili ya gia, SAE 80 au 90, ndiyo iliyopendekezwa na watengenezaji wengi wa pikipiki. Ni nyepesi ya kuingia ndani, na ni nzito ya kutosha isirushwe upesi. Ikikosekana, oili mpya ya injini yafaa, ingawa itabidi ipakwe mara nyingi zaidi.

Desturi ya kupaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini imeenea sana kwa sababu haina bei. Kwa hakika si ya bure. Oili hiyo imebeba punje za chuma kutoka kwenye injini, masizi na asidi, yaani vitu vilevile tunavyotaka kuviondoa katika mnyororo. Zaidi ya hayo, katika joto la injini oili hukusanya kemikali ambazo katika majaribio ya wanyama zimesababisha saratani ya ngozi. Haifai kuchezewa kwa mikono mitupu siku baada ya siku.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Vifaa ni vichache: mafuta ya taa kiasi cha kikombe kimoja, kopo pana lisilotumika kwa chakula, mswaki mkuukuu na brashi ndogo yenye nywele ngumu, vitambaa vikavu, oili ya gia, bomba jipya la dawa lisilotiwa sindano, au chupa ndogo ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo kwenye kifuniko, boksi la karatasi la kutandika chini, rula ya sentimeta 30, na spana zilizokuja na pikipiki. Glavu za mpira, au hata mifuko ya plastiki iliyovaliwa mikononi, zitailinda ngozi.

Brashi ya waya isitumike kwa mnyororo ambao kila kiungo chake kina pete ya mpira, kwani pete hizo huhifadhi grisi iliyotiwa kiwandani. Zikikatika, grisi hutoka na mchanga huingia. Pikipiki nyingi ndogo hazina pete hizo, lakini ni vyema kutazama kwanza kati ya sahani.

TAHADHARI KABLA YA KUANZA

Kwanza, injini izimwe na ufunguo uondolewe kabisa. Wapo wanaowasha injini, wakatia gia, kisha wakashika kitambaa juu ya mnyororo unaokimbia ili kazi iishe upesi. Kitambaa kikinaswa, mkono hufuata, na sproketi hukata vidole kabla mtu hajawahi kuvuta mkono wake. Hakuna haraka inayostahili kulipwa kwa kidole.

Pili, petroli isitumike kusafishia. Mvuke wa petroli huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka kwenye jiko lililo mbali. Mafuta ya taa kwa kawaida hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafikie nyuzi 38 au zaidi. Lakini kopo lililoachwa juani huweza kufika joto hilo. Kwa hiyo kazi na ifanywe kivulini, nje ya nyumba, mbali na jiko, na pasiwe na anayevuta sigara.

Tatu, mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda wala ya maji. Mtoto mwenye kiu hatofautishi. Akiyanywa, asitapishwe, kwa sababu mafuta hayo yakiingia mapafuni huleta madhara makubwa kuliko yalivyokuwa tumboni. Apelekwe hospitali mara moja.

HATUA ZA KAZI

1. Fanya safari fupi kwanza, au anza kazi mara baada ya kurudi safarini. Mnyororo wenye vuguvugu huachia uchafu kwa urahisi, na oili huingia vyema zaidi.

2. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa juu ya ardhi ngumu na tambarare, gurudumu la nyuma likiwa halikugusa chini. Weka gia huru, ile ambayo madereva huiita nyutro. Tandika boksi chini ya mnyororo. Ikiwa pikipiki ina kifuniko kinachouziba mnyororo wote, kifungue. Wengi hudhani kwamba kifuniko hicho kimewaondolea kazi, kumbe vumbi laini huingia na kujikusanya ndani yake.

3. Ondoa matope makavu kwa brashi kavu kabla ya kutia kimiminika chochote. Ukianza na mafuta ya taa, utageuza vumbi hilo kuwa uji na kulipeleka ndani.

4. Chovya mswaki katika mafuta ya taa na usugue sehemu ya chini ya mnyororo, pande zote nne: juu, chini, kushoto na kulia. Zungusha gurudumu kwa mkono, tena kwa kulirudisha nyuma. Sababu yake ni hii: gurudumu likirudi nyuma, mnyororo wa chini husogea kwenda mbele na kuyaondoa mambo karibu na sproketi kubwa, likienda mbele, mnyororo huohuo huvipeleka vidole kwenye meno. Mkono unaozungusha usishike spoku karibu na sproketi.

5. Safisha meno ya sproketi zote mbili. Kifuniko cha sproketi ndogo kikifunguliwa, aghalabu hukutwa tope jeusi lililoganda. Liondolewe kwa kijiti. Mafuta ya taa yasimwagiwe kwenye breki ya nyuma wala kwenye tairi.

6. Futa kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kisichafuke tena, kisha uache mnyororo upate hewa kwa muda wa nusu saa. Mafuta ya taa yakibaki ndani kwa wingi, yataifanya oili kuwa nyepesi mno na kuirusha nje.

7. Dondosha oili upande wa ndani wa mnyororo wa chini, yaani ule uso unaotazama juu. Lenga mahali sahani ya nje inapokutana na sahani ya ndani. Tone moja kushoto na moja kulia kwa kila kiungo latosha. Mnyororo wa hatua 120 hivyo utahitaji matone 240, ambayo yote pamoja ni kiasi cha vijiko viwili vidogo vya chai. Hutiwa upande wa ndani kwa kuwa, mnyororo ukizunguka, oili hutupwa kuelekea nje, na katika kutoka huko hupita ndani ya kiungo kizima.

8. Zungusha gurudumu taratibu mara ishirini hivi, kisha acha pikipiki ipumzike, ikiwezekana usiku kucha. Asubuhi futa oili yote iliyobaki nje. Mnyororo uliopakwa vizuri haudondoshi mafuta. Ukiugusa kwa kidole, huacha alama hafifu tu.

Kwa mnyororo uliochafuka mno, ni afadhali kuufungua. Uloweke katika mafuta ya taa usiku mmoja, utikise, uutundike ukauke. Kisha weka kopo la oili ya gia ndani ya sufuria ya maji moto iliyokwisha kuepuliwa, na utumbukize mnyororo humo. Oili yenye joto hulainika na kupenya. Kamwe kopo la oili lisiwekwe juu ya moto wenyewe.

Wakati wa kuurudisha, tazama klipu ya kiungo cha kufungia. Upande wake uliozibika na uelekee kule mnyororo unakokwenda, na upande wenye mwanya ubaki nyuma. Basi klipu ikiwa juu, uso wake uliozibika hutazama mbele ya pikipiki. Ikiwa chini, hutazama nyuma. Ikiwekwa kinyume, jiwe au kijiti kinaweza kuigonga na kuifyatua njiani.

KUPIMA ULEGEVU

Baada ya kusafisha ndipo upimwe ulegevu. Shika mnyororo wa chini katikati ya sproketi mbili, uusukume juu na chini, na upime umbali wote unaosogea. Kwa pikipiki nyingi ndogo umbali huo huwa kati ya milimeta 20 na 30, lakini kitabu cha mtengenezaji ndicho hakimu. Pima mahali mbalimbali kwa kuzungusha gurudumu, na ufuate pale palipokaza zaidi, kwa maana mnyororo haulikii sawasawa.

Wako wanaoukaza mpaka uwe kama uzi wa gitaa, wakidhani kuwa ndio usalama. Hilo ni kosa. Uma wa nyuma hupanda na kushuka kwa kadiri ya mzigo na mashimo ya njia, na umbali kati ya sproketi hubadilika kila unapofanya hivyo. Pikipiki yenye abiria wawili au magunia ya mkaa huukaza mnyororo yenyewe. Usipokuwa na ulegevu wa kutosha, mnyororo hung'ang'ania beringi za gurudumu na za gia mpaka ziharibike.

Ukirekebisha, legeza nati ya ekseli, kisha zungusha virekebishi vya pande zote mbili kwa kiasi kilekile, ukilinganisha alama zake. Gurudumu likikaa upande, mnyororo husugua meno ubavuni. Baada ya kukaza nati, jaribu breki ya nyuma: gurudumu likivutwa nyuma, fimbo ya breki huvutika, na breki huweza kushika pasipo kukanyagwa. Hiyo nayo irekebishwe kabla ya safari.

KUPIMA UCHAKAVU

Vuta mnyororo ukaze, kisha pima kwa rula kutoka kitovu cha pini ya kwanza hadi kitovu cha pini ya 21. Hizo ni hatua 20. Mnyororo mpya wa namba 428 utapima milimeta 254. Ukifika milimeta 259, yaani umezidi kwa asilimia 2 hivi, umemaliza kazi yake na hauna budi kubadilishwe. Hapa kusafisha hakusaidii tena, kwani mafuta hupunguza kulika lakini hayarudishi chuma kilichokwisha kulika. Kuukata kiungo kimoja ili uufupishe ni kujidanganya: hatua zilizobaki bado ni ndefu kuliko meno.

Vitabu vingi vya watengenezaji hutaja kusafisha na kupaka mafuta kila baada ya kilometa 500 hadi 1,000. Dereva anayekwenda kilometa 100 kwa siku atafika 500 katika siku tano. Katika vumbi jingi au mvua, muda huo upunguzwe. Njia iliyo rahisi ni kuchagua siku moja ya juma na kuishika.

UCHAFU UPELEKWE WAPI

Mafuta ya taa yaliyotumika yasimwagwe mtaroni, kisimani wala katika vijito vinavyoteremka kwenda Mto Pangani. Yatiwe katika chombo chenye kifuniko kilichoandikwa wazi, yaachwe siku kadhaa. Uchafu utazama chini, na mafuta ya juu yatakuwa safi kiasi cha kutumika tena kwa kazi hiyohiyo. Yasirudishwe katika taa wala jikoni. Tope lililobaki na vitambaa vyenye mafuta viwekwe mbali na watoto na mbali na moto.

JARIBIO DOGO

Chukua tope lililozama chini ya chombo, ulianike juu ya karatasi nyeupe mpaka likauke. Pitisha sumaku, kwa mfano ile ya spika ya redio mbovu, chini ya karatasi. Punje nyingine zitatulia, nazo ni mchanga. Nyingine zitasimama na kuifuata sumaku. Baadhi yake huenda ni madini ya udongo yenye chuma, lakini zile zing'aazo ni chuma cha pini, bushi na meno yenyewe. Rudia jaribio hili kila mwezi na ulinganishe. Mnyororo unaotunzwa vyema utatoa punje hizo kwa uchache zaidi kadiri siku zinavyopita.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kikombe cha mafuta ya taa, vijiko viwili vya oili na saa moja ya jioni ndiyo gharama ya kuziba ufa huu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini si sahihi kusema kwamba mnyororo umevutika? Eleza kinachoufanya uonekane mrefu zaidi.
2. Mnyororo wa namba 428 umepimwa hatua 20 na kukutwa una milimeta 257. Kila kiungo kimelika kwa kiasi gani? Je, wafaa kuendelea kutumika?
3. Oili hutiwa upande wa ndani wa mnyororo wa chini. Toa sababu.
4. Taja mambo mawili yanayoifanya oili chafu ya injini isifae kwa mnyororo.
5. Dereva amekaza mnyororo wake hata hauchezi kabisa. Sehemu gani za pikipiki zitaharibika kwanza, na kwa nini?